Sailensi si Sailensa: Uhakiki wa Istilahi za Injini katika Mwongozo wa Mafundi

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi zilizotumika katika tafsiri ya mwongozo mfupi wa kutafuta hitilafu za injini za petroli. Mwongozo huo ulitafsiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wanagenzi wa gereji katika mikoa ya Shinyanga na Geita, nami niliombwa kuupitia baada ya kutumika kwa miezi kadhaa. Sina haja ya kumtaja mtafsiri wala ofisi iliyouchapa, kwani lengo la uhakiki si kumfedhehesha mtu. Kiswahili chake ni safi na sarufi yake haina doa. Hata hivyo, fundi anayeufuata neno kwa neno hawezi kulitengeneza gari. Ni kwa sababu gani?

Sehemu niliyoichagua inahusu injini ambayo mzunguko wake unabaki juu ingawa dereva hajakanyaga pedali, baada ya gari kufungwa throto kubwa kuliko ya awali. Katika Kahama na Katoro jambo hili si geni. Magari madogo ya mizigo, ambayo wenyeji huyaita kirikuu, hubebeshwa mifuko ya mawe ya dhahabu kutoka kwenye maduara hadi kwenye mialo, na wenye magari hutafuta kila njia ya kuyaongezea nguvu. Baadhi yao hununua throto ya injini kubwa zaidi. Ikiwa tundu la awali lilikuwa na kipenyo cha milimita 50 na jipya lina milimita 60, eneo la kupitishia hewa limeongezeka kwa asilimia 44. Baada ya hapo, injini iliyokuwa ikizunguka mara 800 kwa dakika gari likiwa limesimama huweza kuzunguka mara 1,500. Petroli huteketea bure. Gari lenye gia za kujibadili hutaka kujisogeza kwa nguvu mara dereva anapoweka gia, na sokoni au mwaloni penye watu wengi hilo laweza kumvunja mtu mguu. Kwa hiyo ubora wa istilahi hapa si suala la kupendeza masikio tu.

Sailensi na sailensa

Mafundi wetu huuita mzunguko wa injini isiyokanyagwa mafuta "sailensi". Husema, "sailensi iko juu", au "gari linazima likiwa sailensi". Neno hilo lina asili ya Kiingereza, na katika lugha hiyo halina maana hiyo hata kidogo. Mafundi wamelichukua na kulipa kazi yao wenyewe. Kwa upande mwingine, kifaa cha bomba la moshi kinachopunguza kelele huitwa sailensa.

Niliambiwa kwamba rasimu ya kwanza ya mwongozo ilikuwa na neno sailensi. Mhariri aliliona kuwa kosa la matamshi, akalisahihisha kila lilipotokea. Matokeo yake ni sentensi hii: "Ikiwa sailensa iko juu, ishushwe kabla ya kukagua sehemu nyingine." Katika gereji moja ya Kahama mwanagenzi aliyeisoma alichukua spana, akalala chini ya gari, akaanza kulegeza bomba la moshi. Wenzake walicheka, lakini kijana huyo hakukosea kusoma. Alitii maandishi.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuliacha neno la kukopa na kuunda la asili. Mwongozo wenyewe umejaribu, kwani katika ukurasa mwingine umetumia "mwendo mvivu". Hii ni tafsiri ya sisisi, wala haieleweki. Gari lililosimama halina mwendo, na injini inayozunguka mara 800 kwa dakika haina uvivu. Kwa maoni yangu sailensi lipokewe, kwa kuwa limekwisha kuenea na maana yake ni moja miongoni mwa wanaolitumia. Wajibu wa msanifishaji ni kulitenga na sailensa kwa maelezo ya wazi, asije mhariri mwingine akalisahihisha tena.

Mlango wa mafuta au wa hewa?

Throto imetafsiriwa kuwa "mlango wa mafuta". Kosa hili lina mizizi mirefu zaidi, kwani linatokana na usemi wetu wa kila siku. Dereva hukanyaga mafuta, huongeza mafuta, huachia mafuta. Katika malori ya dizeli, ambayo mafundi wengi wa ukanda huu walijifunzia kazi, usemi huo una ukweli. Kwa desturi pedali huamuru kiasi cha mafuta yanayotoka kwenye pampu, na gavana ndiyo inayozuia mzunguko usishuke wala kupanda kupita kiasi.

Injini ya petroli haifanyi kazi hivyo. Pedali huzungusha bamba la duara lililomo ndani ya throto, na bamba hilo hufungulia hewa. Kompyuta ya injini hupima hewa hiyo, ndipo huamuru nozeli zitoe petroli inayolingana nayo. Basi mafuta huifuata hewa. Fundi aliyesoma "mlango wa mafuta" hushika pampu na nozeli, akamgharimisha mwenye gari fedha nyingi, wala sailensi isishuke. Angalikuwa na neno linalotaja hewa, angaliangalia kwanza kama bamba linafunga sawasawa, kama kebo ya pedali imekazwa mno, na kama njia ya pembeni inayopitisha hewa ya sailensi imekwama kwa uchafu. Hapo ndipo mara nyingi ugonjwa ulipo.

Napendekeza "kilango cha hewa" kwa lile bamba, na throto ibaki kuwa jina la kifaa kizima, kama mafundi wanavyosema. Usemi wa "kukanyaga mafuta" hatuna sababu ya kuupiga vita, kwa kuwa ni lugha ya dereva, nao hauna madhara mdomoni mwake. Madhara huanza usemi wa dereva unapogeuzwa kuwa istilahi ya fundi.

Kuvuja na kuvuta

Mfano wa tatu ni mdogo kwa sura lakini ndio unaonifundisha zaidi. Mwongozo unasema: "Kagua uvujaji katika gasketi ya throto." Mwanagenzi hukagua. Hutazama kama pana tone, hupitisha kidole, huona pakavu, huandika kuwa gasketi ni nzima.

Katika Kiswahili kitu kinachovuja mara nyingi hutoka nje: debe huvuja, siri huvuja. Lakini injini ya petroli ikiwa sailensi hufyonza. Ndani ya mabomba yake ya hewa mna kani kidogo kuliko nje. Gasketi isiyokaa vizuri, au mpira uliosahauliwa bila kurudishwa mahali pake, haitoi kitu. Huingiza hewa ambayo haikupita kwenye kilango, na mzunguko hupanda. Mafundi wanalo neno lao: husema injini "inavuta hewa". Herufi moja tu inatenganisha kuvuja na kuvuta, lakini maana zinapingana kama kutoka na kuingia. Mtafsiri hakuhitaji kukopa wala kuunda, alihitaji kusikiliza.

Haki inadai niseme pia palipofaulu. Mwongozo unaeleza kwamba baada ya kufunga throto mpya, kompyuta "ifundishwe upya" mahali kilango kinapofungia. Neno kufundisha limetumika kwa ufasaha, na hakuna fundi aliyelitilia shaka.

Hitimisho

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na vijitabu vyake vya Tafsiri Sanifu vimewafaa watumishi wa serikali na walimu kwa miaka mingi. Tumezoea kuanza kutafuta istilahi katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo tukope. Utaratibu huo ni mzuri, lakini gereji ya Kahama nayo ni Kiswahili chenyewe. Wachimbaji wa Geita wana duara, karasha na mwalo, maneno ambayo kila mmoja machimboni huyaelewa, nao hawakuyasubiri kutoka Dar es Salaam.

Kwa hiyo yafaa mambo mawili yafanyike. Kwanza, rasimu ya mwongozo wowote wa ufundi isomwe kwa sauti mbele ya mafundi wanaoufanyia kazi, gari likiwa mbele yao, kabla ya kupelekwa mtamboni. Pili, mhariri anayekutana na neno la fundi asilolijua aulize kabla ya kusahihisha. Yule mwanagenzi aliyelala chini ya gari hakuwa na njia ya kujua kwamba kosa lilikuwa kitabuni. Alidhani ni lake.