Tanuri la Mgahawani na Tanuri la Msituni

Neno tanuri ni la kale kuliko mgahawa wowote. Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu. Uhindi ya kaskazini ina ndugu yake, tandur, lililopitia Kiajemi. Na shina la yote mawili limeonekana katika maandishi ya Kiakadi ya Babeli ya kale. Basi orodha ya vyakula ya mgahawa wa Kihindi mjini Dar es Salaam iandikapo "kuku tandoori", haikusukumwa na upungufu wa lugha. Neno lilikuwapo, na chombo pia: mkate wa mofa wa pwani huokwa kwa kubandikwa ukutani mwa tanuri la udongo, kama naan ibandikwavyo.

Sifa ziandikwazo juu ya migahawa ya namna hii zina desturi moja. Huanza na taa hafifu na viti laini, zikapitia harufu ya iliki, zikaishia katika mkate ung'aao kwa samli. Mwandishi husifu joto la chumba, wala haulizi joto hilo limetoka wapi. Hili si kosa dogo la adabu. Ni kosa la kutoona.

Katika wilaya ya Kisarawe, ambako mji umejipatia mkaa kwa miaka mingi, tanuri ni kitu kingine: magogo yaliyopangwa, yakafunikwa majani na kisha udongo, yakawashwa na kuachwa yafuke siku nyingi. Mpishi wa Kipunjabi hutaka moto upumue. Mchoma mkaa hutaka ubanwe pumzi. Udongo ukipasuka usiku naye amelala, hewa huingia, na kazi ya wiki nzima hugeuka jivu. Miti ya misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi imeliwa kwa njia hii, na magunia yakaenda mjini kwa baiskeli na pikipiki. Mchomaji aingiaye hifadhini huvunja sheria, na hilo halifichiki. Lakini mlaji asiyemtaja amekula pamoja naye.

Kibaha yatoa mfano wa namna nyingine. Katika hoteli ndogo za Maili Moja na Mlandizi, kando ya barabara ya Morogoro, abiria huagiza chapati na maharage bila kuiwaza Uhindi. Chapati hiyo ina matabaka na mafuta, na huko Punjab ingeitwa paratha. Chapati yao ni nyembamba na kavu. Lugha ilichukua jina la mkate mmoja ikaupa mwingine, wala hakuna aliyedhurika. Mkono wa mpishi ulitangulia, jina likafuata.

Tandoori haikupata bahati hiyo. Katika vijiji vya Punjab tanuri moja lilitumiwa na majirani wengi. Baada ya mgawanyiko wa mwaka 1947, wakimbizi waliotoka Peshawar, katika mgahawa wa Moti Mahal mjini Delhi, walimpa kuku wa tanuri umaarufu wa mezani; tangu hapo jina limesafiri na mgahawa wake, kwa tahajia ya Kiingereza, hata likafika Dar es Salaam na kulipita tanuri la mofa bila salamu.

Yupo atakayesema kwamba "kuku wa tanuri" ni jina linalonuka moshi wa Kisarawe kupita kiasi kwa mteja aliyevaa vizuri. Lakini ni moshi huo huo anaoutafuta mteja anapong'ata paja la kuku.