Umahiri Usiopimwa: Uhakiki wa Ufundishaji wa Kiingereza katika Shule za Sekondari za Tunduma

Muhtasari wa somo la Kiingereza wa mwaka 2005 uliahidi umahiri wa mawasiliano: mwanafunzi asikilize, azungumze, asome na kuandika. Hata hivyo, mtihani wa Kidato cha Nne katika somo hilo ni wa maandishi pekee, na mwalimu, kama ilivyo ada, hufundisha kitakachotahiniwa.

Kasoro hiyo hudhihirika zaidi Tunduma. Hoja iliyozoeleka ni kwamba mwanafunzi wa Tanzania hana mazingira ya Kiingereza. Kwa Tunduma hoja hiyo ina walakini. Hatua chache tu mbele ni Nakonde, Zambia, ambako Kiingereza ni lugha rasmi. Malori ya Zambia na Kongo hupita hapo kila siku. Kinyamwanga nacho huzungumzwa pande zote mbili za mpaka. Kijana anayekulia hapo huzoea kuhama lugha kulingana na msikilizaji, na huo, kwa mtazamo wa Dell Hymes, ni umahiri wa mawasiliano wenyewe. Anapoingia Kidato cha Kwanza, baada ya miaka saba ya kufundishwa kwa Kiswahili, hunyamaza; na kimya hicho, bila kuchunguzwa, huhesabiwa kuwa uzito wa akili.