777 ilipogonga mwamba

Juzi jioni hapa Kikuyu, Dodoma, niliitwa nikaangalie seva ya ofisi moja. DHIS2 yao ilikuwa imegoma kuandika. Ni mfumo ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo, huohuo ambao Wizara ya Afya inautumia kukusanya takwimu za vituo. Hii ilikuwa nakala ya mafunzo tu, juu ya Ubuntu 22.04 na Tomcat 9. Nikapiga ls -l. Kumbe fundi aliyenitangulia alishapita na chmod 777 kuanzia /opt/dhis2 hadi chini kabisa: funika kombe mwanaharamu apite. Hata dhis.conf, yenye nywila ya hifadhidata iliyoandikwa waziwazi, ilisomeka na yeyote mwenye akaunti humo.

Na mfumo bado haukuandika.

Hapo ndipo penye utamu. Logi ilishasema, ila hakuna aliyeisoma hadi mwisho: haikulalamika "Permission denied", ililalamika "Read-only file system". Tomcat ya Ubuntu inaendeshwa na systemd chini ya ProtectSystem=strict. Inaruhusiwa kuandika kwenye folda chache zilizotajwa, kama /var/log/tomcat9. Kwingine kote, kwa macho yake, diski ni ya kusoma tu. 777 haina ubavu hapo. Nikafungua systemctl edit tomcat9, chini ya [Service] nikaongeza ReadWritePaths=/opt/dhis2, nikaiwasha upya. Ikaandika.

Kufunga upya ruhusa ndiko kulikonichelewesha. Nilitumia find kutenganisha: folda 750, faili 640, zote root:tomcat. Ukimwaga 640 kwa -R unazinyang'anya folda ile x, na folda isiyo na x haipitiki. Ni kupewa ufunguo wa chumba huku geti limefungwa. Folda za files na logs, ambazo programu lazima iziandikie, nikamkabidhi tomcat. Kuhusu dhis.conf, mwongozo wa DHIS2 unasema 600, mwenyewe awe mtumiaji anayeendesha programu. Mimi niliiacha 640 chini ya root: programu isome mipangilio yake, isiweze kuibadilisha.

Kabla sijagusa chochote nilikuwa nimepiga ls -lc, inayoonyesha lini faili iliguswa mara ya mwisho, iwe ni ruhusa zake au yaliyomo. Dhis.conf ilikuwa wazi kwa angalau siku tisa. Tukabadilisha nywila usiku uleule.