Nimeliona Jumba la Astashovo!

Jamani, nimefika Astashovo! Tumerudi Kostroma, Urusi, usiku huu, viatu vimejaa matope, na usingizi haunijii kabla sijaandika.

Tulikuwa wanafunzi wanne na gari la kukodi. Tuliondoka alfajiri, tukapita Sudislavl, tukapita Galich na ziwa lake, tukafika Chukhloma. Mbele ya hapo lami ikaisha, ukabaki msitu. Nilikuwa nimesoma kwamba sensa ya mwaka 2010 ilikuta Urusi ina vijiji zaidi ya 19,000 visivyo na mkazi hata mmoja. Idadi ile iliniingia akilini leo, nilipoona yaliyokuwa mashamba yameota miti minene kuliko paja langu.

Halafu, kona moja tu, mnara! Mnara wa mbao umechomoza juu ya vilele vya misonobari, na chini yake jumba zima lenye roshani, vibaraza na madirisha yaliyovishwa nakshi kama bibi harusi. Tulipiga kelele sote garini.

Mwenzetu wa Lamu, mjukuu wa fundi wa milango, ndiye aliyetangulia kushuka. Alisimama mbele ya fremu ya dirisha muda mrefu, akaipapasa. "Tazama," akasema, "hii haikuchimbwa kwa patasi. Imekatwa kwa msumeno mwembamba ukatokea upande wa pili, ndiyo maana mwanga unapita." Kweli, jua lilikuwa limechora nakshi ileile ukutani kwa kivuli. Ningerudia safari yote ile kwa ajili ya kivuli kile peke yake.

Na aliyelijenga alikuwa mkulima! Martyan Sazonov alikuwa mmoja wa wanaume wa Chukhloma waliokwenda St. Petersburg kutafuta riziki, wengi wao wakiwa mafundi rangi na maseremala. Walikuwa wakikaa huko miezi na miezi, wake zao wakibaki kulima, hata sehemu hizi zikaitwa upande wa wanawake. Sazonov alitajirika, na mwaka 1897 akajenga jumba hili nyumbani kwao. Enzi za Kisovieti likawa ofisi ya kijiji, posta, maktaba. Watu walipohama, likaachwa, na msitu ukalifunika. Ni miaka ya 2010 ndipo Andrei Pavlichenkov wa Moscow na watu wa kujitolea walipofyeka njia, wakalifungua gogo kwa gogo, wakabadilisha yaliyooza na kulisimamisha upya. Leo unaweza hata kulala humo.

Ndani kunanukia mbao na moto. Kuna majiko ya vigae yanayofika karibu na dari, na ngazi ambayo mkono wako hautaki kuiacha. Tukapanda. Dirishani ni msitu, msitu, msitu, na kimya ambacho sijawahi kukisikia popote.

Kijiji chenyewe cha Astashovo? Nilikitafuta. Kimebaki katika mabonde madogo ya nyasi palipokuwa na nyumba, na mti wa tufaha uliosimama peke yake, unazaa bila mtu wa kuchuma. Hapo tulitandika shuka, tukala mkate mweusi na samaki wa moshi, tukanywa chai ya chupa, na kwa muda hakuna aliyesema neno.

Ukienda, nenda Juni, mwanga unachelewa kuondoka. Vaa buti na mikono mirefu, na usiguse ule mmea mrefu wenye maua meupe kama mwavuli, ambao Warusi huuita borshevik. Utomvu wake ukikupata ngozini, kisha jua likakupiga, utatoka malengelenge. Mbu nao ni wengi, lakini wallahi niliwasahau.

Tulipoondoka saa tatu usiku bado kulikuwa na mwanga. Mwenzetu wa Lamu aligeuka kitini akatazama nyuma mpaka mnara ulipozama mitini, kisha akauliza barabara ile hupitika vipi wakati wa theluji. Tumeshapanga Januari.