Sauti Iliyovuliwa Maneno

Aghalabu husemwa kuwa muziki wa mitambo ulizaliwa Paris mwaka wa 1948, Pierre Schaeffer aliposikilizisha kwa redio ya Ufaransa kazi aliyoiunda kwa vishindo vya garimoshi. Kauli hiyo imekaririwa hata imekuwa kama sheria. Walakini miaka minne kabla yake, katika 1944, kijana wa Cairo, Halim El-Dabh, alikwisha kufanya jambo la namna hiyo na kuwasikilizisha watu wa mji wake. Wamteteao kwa kutangulia wana haki, ila mimi siioni hiyo kuwa sifa yake kubwa, wala si hapo penye neno gumu la kazi yake.

El-Dabh aliazima kwenye redio chombo kilichonasa sauti juu ya uzi mwembamba wa chuma, kwa kuwa utepe wa sumaku ulikuwa haujaenea. Akaenda nacho kwenye zaar, ngoma ya wanawake ya kutuliza pepo, yenye udugu na ngoma za pepo tuzijuazo pwani kwetu. Wanaume hawakuruhusiwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliingia kwa kujificha, kichwa kimefunikwa mfano wa wanawake.

Kisha akarudi studioni. Uzi wa chuma ni mkaidi. Ukikatwa huungwa kwa fundo, basi kazi yake haikutegemea mkasi. Kila sauti ya mtu ina mlio wa chini uibebao, na juu yake milio myembamba mingi ifuatanayo nao. El-Dabh aliuondoa ule wa chini akaibakiza ile ya juu, akaipitisha katika chumba cha mwangwi. Kipande kisikikacho leo ni cha dakika mbili hivi, nacho chapanda na kushuka kama kilio kiletwacho na upepo kutoka ng'ambo ya mto. Schaeffer alitaka tulisahau garimoshi tusikie sauti tupu; mimi nilisikiapo, bado naona stesheni. Alilolitafuta yeye kwa kupanga na kurudiarudia, El-Dabh alilipata kwa kupunguza.

Lakini ushindi huo ndio unitiao mashaka. Kilichopunguzwa ni nini? Ni maneno. Mwanamke aendaye ngomani ana jambo lake na pepo wake, huliimba na hulitaja. Sisi twaachiwa mvumo wa koo lake. Yaweza kujibiwa kuwa kijana yule aliwastiri, kwa kuwa hapana awezaye kumtambua mmoja wao wala kuijua haja yake. Jibu hili lina nguvu, nami nimelipima muda mrefu. Hata hivyo stara ilipaswa kuombwa na mwenye siri, na hapa hapana aliyeulizwa. Jina lililobaki juu ya kazi, Ta'abir al-Zaar, ni la ngoma yao. Jina la mtungaji ni lake peke yake.

Simhukumu kwa mizani ya leo tu. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hapakuwa na wa kumwonya. Sisi hatuna udhuru huo. Programu kama Audacity, itolewayo bure tangu 2000, humwonyesha mwanafunzi sauti kama milima na mabonde juu ya kioo cha kompyuta, naye hukata, hugeuza na hutia mwangwi kwa dakika chache. Akikosea hutengua, jambo lisilowezekana kwa uzi wa chuma.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea nyimbo za harusi za bibi yake, amezichuja hata zimekuwa moshi. Zilikuwa nzuri mno. Nikamwuliza bibi aliimba nini. Hakujua. Bahati njema alikuwa ameitunza nakala ya kwanza. Tukaisikiliza yote, naye akaandika maneno mstari kwa mstari, akisimama kila mara kumpigia bibi simu.