Ncha na Kitanzi: Katika Kuusifu Ufundi wa Ndoano ya Cherehani

Mshonaji hujulikana kwa nguo zinazovaliwa barabarani, lakini fundi anayeitengeneza cherehani ya mshonaji huyo hakumbukwi ila siku mashine inapogoma, na ndiyo maana sifa za ufundi wake ni chache kuliko faida zake. Katika mji kama Gatumba, ulio magharibi ya Bujumbura kwenye barabara iendayo mpaka wa Kongo na Uvira, mahali ambapo Kirundi, Kiswahili na Kifaransa hukutana katika biashara ya kila siku, cherehani ni riziki ya nyumba: ndiyo inayoshona sare za watoto wa shule na vitenge vya harusi, na mapato yake ndiyo yanayonunua chakula na kulipa ada. Cherehani hiyo ikianza kuruka mishono, yaani sindano ikitoboa kitambaa bila nyuzi kufungana, hakuna nguo itakayokamilika mpaka apatikane mtu anayekijua kifaa kimoja kidogo kilichofichika chini ya bati la sindano, nacho ni ndoano.

Ndoano ni kipande cha chuma kigumu cha mviringo, kinachoenea kiganjani, chenye ncha kali ubavuni. Kazi yake haieleweki bila kueleza kwanza jinsi mshono unavyofungwa. Cherehani za kawaida hushona kwa nyuzi mbili, mmoja wa juu unaopita katika tundu la sindano na mwingine wa chini unaotoka kwenye bobini, yaani kigurudumu kidogo cha uzi kilichomo ndani ya kikasha katikati ya ndoano. Sindano inaposhuka hadi mwisho wake kisha ikaanza kupanda, uzi wa juu hukwama kwenye kitambaa usiweze kuifuata, nao hubenuka na kufanya kitanzi upande ule ambao sindano imechongwa bapa juu ya tundu. Upande wa pili uzi umelala ndani ya mfereji mrefu, kwa hiyo hauna nafasi ya kubenuka. Papo hapo ncha ya ndoano hupita, hukidaka kitanzi, hukipanua na kukizungusha mpaka kiivuke bobini, ndipo mkono wa kuvuta uzi, ule unaopanda na kushuka mbele ya kichwa cha mashine, unapoukaza mfungano huo katikati ya unene wa kitambaa.

Mpango huu una historia ndefu. Cherehani ambayo Mmarekani Elias Howe aliipatia hataza mwaka 1846 ilipitisha uzi wa chini kwa kichukuzi kilichokwenda na kurudi, na kila kinachokwenda na kurudi hulazimika kusimama mwisho wa kila safari. Mwaka 1851 Mmarekani mwingine, Allen Wilson, alipata hataza ya ndoano inayozunguka, na kwa kuwa kinachozunguka hakisimami, mlango wa kasi ukafunguka. Katika mashine za leo za kiwandani ndoano huzunguka mara mbili kwa kila mshono: mzunguko wa kwanza hubeba kitanzi, wa pili hupita mtupu huku uzi ukikazwa. Juki ya aina ya DDL-8700, ambayo imeundwa kufikia mishono 5,500 kwa dakika, huweza hivyo kuizungusha ndoano yake mara 11,000 katika dakika hiyohiyo, na katika mizunguko hiyo yote ncha inatakiwa ifike wakati ambapo kitanzi kipo.

Kukutanisha ncha na kitanzi ndiko mafundi wengi wanakokuita kuweka taimingi, na vipimo vyake havina huruma. Katika Juki hiyo, sindano ikiwa imepanda milimita 2.2 kutoka chini kabisa, ncha ya ndoano inatakiwa iwe imefika katikati ya sindano, juu kidogo ya tundu lake, na nafasi kati ya vyuma hivyo viwili iwe kati ya milimita 0.04 na 0.1, yaani isizidi unene wa karatasi moja ya daftari. Ncha ikiwahi, kitanzi kinakuwa hakijafunguka. Ikichelewa, tundu la sindano limekwisha kuipita na kitanzi kimelala au kimejikunja. Ikikaa mbali mno na sindano, mishono huruka. Ikikaribia mno, chuma husugua chuma, ncha huwa butu, uzi huchanika na hatimaye sindano huvunjika.

Hata hivyo, sifa kuu ya fundi wa ndoano haimo katika kuvijua vipimo hivi, ambavyo kijitabu chochote cha mashine kinaweza kuvieleza, bali imo katika kujua lini asiviguse. Mila ya Burundi inawaheshimu bashingantahe, wazee wa busara wanaosuluhisha magomvi ya majirani, ambao hawatoi hukumu kabla kila upande haujasikilizwa. Na fundi aliyekomaa naye huisikiliza mashine nzima kabla ya kuilaumu ndoano, kwa sababu mara nyingi ndoano haina kosa. Huanza na sindano, kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko vyote: huitoa, huiviringisha juu ya kioo aone kama imepinda, huhakikisha kwamba ni ya aina inayofaa mashine hiyo, maana sindano iliyozidi au kupungua urefu kidogo tu hulihamisha tundu kutoka pale ncha inapolitarajia, kisha huirudisha mpaka juu kabisa, mfereji mrefu ukiwa upande unaostahili. Baada ya hapo huufuata uzi wa juu njia nzima, kutoka kwenye rili lake hadi tunduni. Hapa ndipo mwanafunzi hudanganyika, kwa sababu uzi ukijikusanya kama kiota chini ya kitambaa, yeye huinama kuitazama bobini, ilhali uzi unaoning'inia chini ni ule wa juu, ambao haukukazwa au haukuingia sawasawa kati ya visahani vyake vya kubania.

Fundi mwenye pupa hufungua skrubu za ndoano kwanza, na kwa kufanya hivyo huongeza kosa la pili juu ya la kwanza, halafu hajui tena lipi lilikuwa la mashine na lipi ni lake. Mstahimilivu huzifikia skrubu hizo mwisho, akiwa na sababu, kwa mfano pale mshonaji anapoeleza kwamba sindano iligonga zipu au pindo nene la jinzi na mashine ikakwama kwa kishindo, kwani pigo la namna hiyo laweza kuitelezesha ndoano kwenye mhimili wake. Hapo huzima mota, huondoa mguu wa kukandamizia kitambaa na bati la sindano, hulaza kichwa cha mashine na kulegeza skrubu kiasi tu cha ndoano kukubali kusogezwa kwa vidole. Kisha huzungusha gurudumu la mkono taratibu kuelekea kwake, huishusha sindano hadi mwisho, huipandisha kwa kipimo chake, huileta ncha nyuma ya sindano, hutazama mwanga unaopenya katikati yake, na hukaza skrubu kidogo kidogo huku akirudia kutazama, kwa maana skrubu yenyewe inapokazwa hupenda kuisogeza ndoano. Kabla ya kuiwasha mota huzungusha tena kwa mkono, na jaribio lake la kwanza hulishona kwa nyuzi za rangi mbili, ili jicho lione wazi uzi upi umevutwa zaidi upande usio wake.

Ufundi huu huko Gatumba umekabiliwa na adui ambaye vijitabu vya mashine havikumwandika. Mji umelala kwenye tambarare ya chini kati ya Ziwa Tanganyika na Mto Rusizi, na Aprili 2020 mto huo ulivunja kingo na kuwahamisha maelfu ya watu. Tangu hapo mafuriko na kupanda kwa maji ya ziwa kumerudi tena na tena. Cherehani iliyozama yaweza kuonekana nzima kwa nje, ilhali ndani ya ndoano, katika mfuo mwembamba ambamo kikasha cha bobini hutulia huku ndoano ikikizunguka, kutu na matope laini vimekwisha kukaa. Dawa yake ni subira: kufungua vipande, kuviosha kwa mafuta ya taa, kusugua kutu kwa msasa laini bila kuila ncha, kisha kutia mafuta ya cherehani yenyewe, wala si mafuta ya kupikia, ambayo kwa siku chache hulainisha na baadaye huganda kama gundi. Umeme nao ukikatika, mashine za mota husimama na zile za kukanyaga kwa miguu huendelea. Nyingi kati ya hizo zina ndoano inayokwenda nusu mzunguko na kurudi, lakini sheria ya ncha na kitanzi ni ileile, na fundi aliyeielewa kwenye moja hashindwi na nyingine.

Kwa hiyo vituo vya ufundi vinavyowafundisha vijana kukata na kushona vingewatendea haki zaidi kama vingewafundisha pia kuifungua, kuisafisha na kuipanga mashine wanayoitegemea, kwani mshonaji asiyejua sababu ya mshono kuruka ni mateka wa kila kelele ya chuma. Wateja nao wana la kurekebisha: wengi hulipa kwa moyo mweupe wakiona vipande vya mashine vimetapakaa mezani, na hunung'unika fundi anapobadilisha sindano moja tu na mashine ikashona, ilhali sindano hiyo ndiyo iliyoiokoa ndoano isifunguliwe bure. Malipo ya kazi hiyo ndogo ni halali kama ya ile kubwa, na fundi apewe bila kuombwa punguzo.