Pembetatu ya Mchele na Maharage

Kamati ya shughuli ina shilingi 120,000. Kilo ya mchele ni 3,000, ya maharage 2,000. Mchele usipungue kilo 20, na maharage yawe angalau nusu ya mchele. Mwanafunzi mwenye pupa hukimbilia kukokotoa. Aliyeiva katika hesabu za aina hii hurudi kwenye maneno kwanza, sentensi moja moja: hapa nabanwa kwa juu au kwa chini? Kisha mchele anauita x, maharage y, na pesa anazihesabu kwa maelfu: 3x + 2y ≤ 120, x ≥ 20, y ≥ x/2.

Uhondo uko kwenye karatasi ya miraba. Kila mstari unaigawa karatasi pande mbili, na upande unaofaa unajulikana kwa kujaribu nukta moja. Kwa pesa, sifuri na sifuri inatosha: asiyenunua kitu hajazidisha bajeti. Mstari wa tatu, hata hivyo, unapita palepale kwenye sifuri, kwa hiyo nukta hiyo haisemi lolote. Jaribu kilo 20 za mchele bila maharage. Inakataa, basi upande huo haufai. Pande zisizofaa hupakwa kivuli, na katikati hubaki pembetatu nyeupe yenye kona (20, 10), (20, 30) na (30, 15).

Sasa lete rula. Ukitaka kilo nyingi kwa jumla, ilaze kwenye mwelekeo wa x + y na uisogeze taratibu kwenda juu. Kona ya mwisho kuguswa ni (20, 30), kilo 50. Wageni wakitaka wali zaidi, jibu linahamia (30, 15), kilo 45. Pesa ni zilezile na zinaisha zote. Hesabu haikuamulii unachokitaka.

Mwaka 1945 mchumi George Stigler wa Marekani alitafuta mlo wa bei nafuu kabisa kati ya vyakula 77, akafika dola 39.93 kwa mwaka, kwa sehemu akikisia. Karatasi haina nafasi ya vipimo 77. Mwaka 1947 mbinu ya George Dantzig, inayotembea kutoka kona hadi kona, ilileta dola 39.69. Senti 24 tu! Mkisiaji yule naye alikuwa fundi.

Mwalimu, usiwape wanafunzi bei za kitabuni. Watume sokoni wakaulize za wiki hii.